Gemu za bunduki zenye dunia wazi: mbona utamu unaishia kambi ya kumi?

#1 – Mleta uzi

Wadau, uzi huu ni mrefu. Asiye na muda apite kiroho safi, mwenye nao avute kiti.

Jana usiku nimeiwasha tena Far Cry 2, ile ya 2008. Nchi ya Afrika isiyotajwa jina, vita vya wenyewe kwa wenyewe, na wewe ni mamluki mwenye malaria. Nilikuwa na kikazi kidogo cha kwenda kulipua msafara. Njiani kuna kituo cha walinzi, njia panda, karibu na mto. Nikajilaza kwenye nyasi kavu juu ya kilima nikawahesabu: sita, mmoja wao kasimama kwenye bunduki kubwa juu ya gari. Mpango wangu ulikuwa mtamu kweli. Natupa chupa ya moto upande wa kushoto, nyasi zinashika, jamaa wanakimbilia barabarani, mimi nawadungua mmoja mmoja bila hata kuinuka.

Nikatupa. Nyasi zikashika. Halafu moto, badala ya kuwaendea wao, ukaanza kupanda kilima kunifuata mimi. Nikainuka mbio, wakaniona. Hapo hapo skrini ikageuka rangi ya njano na kuyumba, malaria hiyo, mkono ukaanza kupapasa chupa ya vidonge huku risasi zinapita sikioni. Nikameza. Nikainua bunduki niliyoiokota kwa maiti mmoja huko nyuma, yenye kutu mpaka kwenye kitako, risasi tatu tu ikakwama. Mhusika anaipigapiga kwa kiganja, anaivuta, haitaki. Nikajitupa mtoni. Nilipoibuka upande wa pili nikasikia mlipuko: moto umefika kwenye masanduku yao ya risasi. Kimya. Nimeshinda vita ambayo sikupiga hata nusu ya magazini, na hakuna hata kitu kimoja kilichokwenda nilivyopanga.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Nikaenda kufanya kikazi changu, nikarudi kwa njia ile ile baada ya dakika chache. Walinzi wale wale, gari lile lile, bunduki kubwa ile ile, na wameanza kunirushia risasi kabla sijapunguza mwendo. Kama vile sikuwahi kufika pale.

Ndiyo nikaamua kuleta uzi. Kwa sababu hizi gemu za kupiga risasi ukiwa unaona kwa macho ya mhusika, ndani ya ramani kubwa unayokwenda utakako, nimezicheza tangu ile Far Cry ya kwanza ya 2004 yenye visiwa na bahari ya buluu. Nikaja S.T.A.L.K.E.R. ya 2007, Fallout 3 ya 2008, Borderlands ya 2009, na zote zilizofuata. Na kila moja hunifanyia yale yale: wiki ya kwanza silali, wiki ya tatu siitaki hata kuiona.

Dhana yangu ni hii, nipigeni mawe. Kambi ya kwanza unayoivamia huchukua nusu saa. Unazunguka, unatafuta pa kuingilia, unakosea, unakufa, unajaribu dirisha la nyuma. Kambi ya kumi inachukua dakika nne. Umeshajua kengele ya hatari iko wapi, darubini imeshawawekea maadui wote alama unazoziona hata ukutani, bunduki yako ina kinyamazisho, na wewe umegeuka karani anayegonga mihuri. Na gemu inajua, ndiyo maana inakuwekea kwenye ramani vialama mia ili usipate nafasi ya kujiuliza kwa nini uko pale.

Tatizo liko wapi? Ukubwa wa ramani? Bunduki? Au sisi?

#2

Nakaa hapa. Ila "vuta kiti" ungeandika "leta godoro".

#3

Mleta uzi, unazionea. Chukua Far Cry 3 ya 2012, ambayo ndiyo kila mtu anailaumu kwa kambi na kwa minara ya kupanda ili ramani ifunguke. Mimi nimemaliza kambi zake zote na siwezi kukuambia nimechoka, kwa sababu moja tu: kizimba cha mnyama.

Baadhi ya kambi zina chui au dubu ndani ya kizimba, walinzi wanapita karibu yake wanapiga soga. Unakaa mbali kabisa, risasi moja kwenye mlango wa kizimba. Basi. Unaweka bunduki chini unatazama. Kuna siku mnyama aliwamaliza wote, kambi ikahesabiwa ni yangu, mimi sijasogea hata hatua. Siku nyingine yule mnyama alimaliza kazi yake halafu akanigeukia mimi. Hiyo utaiita kazi ya karani?

Minara nakubali ni mirefu bila sababu, na hicho kitu watengenezaji, Ubisoft, walikitoa kwenye gemu zao nyingine za kukwea majengo. Ila mnapandisha lawama juu ya gemu ambayo ilifanya kitu kigumu: iliruhusu vitu vyake vigombane vyenyewe bila kuniuliza.

(Tai wa Far Cry 4 sitawasamehe. Niko kwenye mazungumzo mazito na maadui wanne, kitu kinatoka angani kinanikwangua uso. Tai! Wa kazi gani?)

#4

Nyie mnaongelea kuchoka, mimi natapika. Kweli kabisa. Nilikuwa nikicheza hizi gemu dakika ishirini kichwa kinaanza kuuma, nikadhani ni macho, nikapimwa, macho mazima.

Kumbe ni upana wa mtazamo. Gemu nyingi za konsoli hukuonyesha dunia kwa upana wa nyuzi kama 60 au 70 hivi, kwa sababu unakaa mbali na runinga na mashine inapunguziwa kazi. Ukikaa karibu na skrini ya kompyuta, upana huo unakuwa kama kuchungulia kwa bomba. Ongeza kwenye mipangilio hadi 90 na zaidi kama gemu inakubali. Halafu zima ule ukungu wa mwendo, na zima kichwa kunesanesa mhusika anapotembea. Mimi hayo matatu yalinirudisha uwanjani.

Kwenye gemu za vyumba na korido sikuwa naumwa sana. Hizi za dunia wazi ndizo mbaya, maana unakimbia muda mrefu, unageukageuka kutafuta njia, unaendesha gari kwenye mashimo huku macho yanaona mwendo na mwili umekaa kwenye kiti. Samahani kwa kuchepusha uzi, lakini kuna mtu atasoma hapa akidhani ana ugonjwa.

#5

Mkuu #4 umesaidia wengi.

Narudi kwa mleta uzi na walinzi wake wanaofufuka. Wengi husema ni mashine zilikuwa dhaifu. Ni kweli zilikuwa dhaifu, konsoli ya Xbox 360 ilikuwa na kumbukumbu ya MB 512 kwa kila kitu, na dunia yote haikai humo. Kinachokaa ni kipande kilichokuzunguka, ukisogea kingine kinapakiwa cha nyuma kinatupwa. Lakini fikirini vizuri: kukumbuka kwamba watu sita wa njia panda fulani wamekufa ni kazi ya tarakimu chache. Hiyo hata simu ya vitufe ingeikumbuka.

Ugumu ni swali linalofuata. Wakishakufa, hapo pawe nini? Usipowarudisha, baada ya saa kumi unaendesha gari kwenye makaburi. Ukiwarudisha, unamchukiza mleta uzi. Far Cry 3 walichagua njia ya tatu: ukiiteka kambi, wanakuja wenzako wanakaa wao, na maadui wanapungua eneo lile. Safi sana, mpaka unapoteka zote. Dunia imetulia, una bunduki nzuri kuliko zote na huna wa kumpiga. Watu walilalamika mpaka ikabidi lije sasisho lenye kitufe cha kurudisha kambi zote kwa maadui. Yaani tulipewa amani tukaomba vita irudi!

Waliojaribu kulijibu swali lenyewe ni wale wa GSC Game World, Ukraine. S.T.A.L.K.E.R. ya 2007 ina mfumo waliouita A-Life. Watu na mutanti (viumbe waliogeuka majitu) walio mbali nawe wanaendelea na maisha kwa hesabu rahisi, bila umbo wala sauti, na ukiwakaribia ndipo wanavaa mwili. Kwa hiyo ukiua majambazi kwenye jengo bovu, jengo linaweza kukaa tupu, au ukakuta mbwa, au wapita njia wamekoka moto wanapiga gitaa. Hawakuwekwa pale kwa ajili yako, walikuwa wanapita.

Na ni kazi ngumu hata leo. S.T.A.L.K.E.R. 2 ilipotoka Novemba 2024, malalamiko makubwa yalikuwa hayo hayo, kwamba maadui wanaota ghafla karibu na mchezaji, na watengenezaji wenyewe walikiri mfumo huo haufanyi kazi ilivyokusudiwa, wakaanza kuurekebisha kwa sasisho baada ya sasisho. Gemu hiyo imetengenezwa katikati ya vita halisi, sehemu ya timu ikiwa imehamia Prague, kwa hiyo binafsi sina mdomo wa kuwasema.

#6 – Mleta uzi

#5 nimekuvulia kofia. "Hapo pawe nini?" ndilo swali nililokuwa nalizunguka tangu jana bila kulipata.

#3, kizimba cha mnyama nakupa. Ila ona ulichonisimulia: hukunisimulia kambi, umenisimulia siku ambayo mnyama alikugeukia. Kambi zilizokwenda sawasawa huna habari nazo. Hata mimi hapo juu nimewapa habari ya moto uliogeuka, na ile siku niliyowadungua wote sita bila kuguswa hata siikumbuki ilikuwa kituo gani.

Kwa hiyo nabadilisha kidogo dhana yangu. Si ukubwa wa ramani. Utamu wa hizi gemu uko kwenye vitu zinavyokunyima. Far Cry 2 ilikunyima bunduki ya kuaminika, ikakunyima afya, ikakupa ramani ya karatasi ambayo mhusika anaishika mkononi kweli, huku anaendesha gari, na ukiitazama hutazami barabara. Watu waliichukia kwa hayo. S.T.A.L.K.E.R. inakunyima hata ardhi ya kukanyaga: kuna mitego isiyoonekana, unatupa nati ya chuma mbele yako uone hewa itafanya nini, hatua moja, nati, hatua moja, nati. Mita ishirini za uwanja mtupu, jasho linakutoka. Gemu nyingine inakupa kilomita za mraba chungu nzima na hujawahi kuogopa kukanyaga popote.

Mfano bora wa kunyimwa ni Fallout: New Vegas ya 2010. Unaanzia kijiji cha Goodsprings. Mji wenyewe wa Vegas uko kaskazini, usiku unaona mnara wake unang'aa. Hakuna ukuta, hakuna ujumbe wa "huruhusiwi". Nenda tu. Utakutana na mavu wenye sumu wakubwa kama mbwa, au ukipita upande wa machimbo, majitu yenye makucha yanayokumaliza kwa mapigo mawili. Kwa hiyo unateremka kusini kama watu wenye akili, unazunguka jangwa zima, na kila ukigeuka ule mnara uko kule kule unakucheka. Gemu nyingi za sasa zingempunguza nguvu yule jitu zilingane na zako, ujisikie vizuri. Hapana! Nataka kuogopa kaskazini.

#7

Naheshimu michango yote lakini naona humu kuna watu wana muda.

Mimi watoto wakishalala napata saa moja. Moja. Siku nzima nimekuwa nikinyimwa vitu na watu wenye mishahara mikubwa kuliko yangu, halafu nikae nitupe nati mita ishirini? Mimi nakitaka hicho mleta uzi anachokiita ukarani. Nafungua ramani, naona alama, naenda, napiga, alama inabadilika rangi, nazima, nalala. Nimemaliza kitu leo. Nyie mnadharau hiyo raha kwa sababu hamjawahi kuikosa.

Na kile kitendo chenyewe cha bunduki hamjakigusa kabisa. Borderlands hadithi yake siikumbuki hata kidogo, nakumbuka sauti ya sanduku likifunguka na bunduki mpya inainuka kutoka ndani. Halo Infinite ya 2021, ile kamba ya kujivutia: unamlenga adui juu ya mwamba, kamba inamnasa, wewe ndiye unaruka kumfuata. Nimepoteza majioni kadhaa bila kufanya misheni yoyote, najirusha tu kutoka mwamba hadi mwamba kama nyani. Hapo nimenyimwa nini?

#8

#7 amesema la watu wengi, tusimpite.

Kero yangu mimi ni hadithi. Kuna mtengenezaji wa gemu anaitwa Clint Hocking, mwaka 2007 aliandika kuhusu gemu kuwa na midomo miwili: hadithi inasema hili, mikono yako inafanya lile. Mwaka uliofuata ndiyo ikatoka hiyo Far Cry 2, yeye akiwa kiongozi wa ubunifu. Huo mgongano kwenye dunia wazi ni mara mbili. Simu inalia: "Dada yako anauawa, harakaaa!" Sawa, ngoja kwanza niwinde mbuzi wawili nishone pochi ya risasi. Dada anakusubiri hata wiki tatu.

Far Cry 5 ya 2018 walijaribu kutibu hilo kwa nguvu. Ukishafanya fujo za kutosha kwenye eneo, wanatumwa watu kukukamata, na hukwepi. Uko juu ya mti, uko kwenye boti, uko angani na helikopta, utakamatwa tu, na hadithi itaendelea. Ndiyo utajua uhuru ule ulikuwa kamba ndefu.

Halafu kuna mambo ya kiufundi, lile pigo linaloumiza kuliko jitu la machimboni. Gemu moja, jina naliacha, niliifikisha saa arobaini na kitu. Misheni inasema zungumza na mzee fulani. Mzee yumo ndani ya meza. Ndani kabisa, kichwa kimetokeza kama kikombe. Hasemi. Nimerudi kwenye hifadhi ya nyuma, yumo ndani ya meza. Ya nyuma zaidi, yumo. Nilikaa pale namtazama, na yeye ananitazama, macho yanapepesa. Sikuirudia tena.

Dunia ikiwa kubwa, vitu vya kugongana ni vingi kuliko watu wa kuvipima, hilo naelewa. Cyberpunk 2077 ndiyo mfano wa kihistoria, ilitoka Desemba 2020 na hali yake ikawa mbaya kiasi kwamba Sony waliiondoa dukani kwao mpaka Juni 2021. Polisi walikuwa wanaota mgongoni kwako hata juu ya paa. Ile unayoicheza leo, baada ya sasisho la 2.0 la Septemba 2023, polisi wanakukimbiza na magari. Ni gemu nyingine. Ushauri wangu kwa dunia wazi yoyote: subiri mwaka.

#9 – Mleta uzi

#7, umenishika pabaya na sina jibu la kukuzima. Ile kamba ya Halo nimeicheza na nilijirusha vile vile. Labda mimi nataka kunyimwa kwa sababu mchana sinyimwi vya kutosha, haha.

Lakini nakuomba jaribio moja tu. Umesema una saa moja. Chukua New Vegas, ni ya zamani, mashine yoyote inaiweza. Usifuate alama. Ukitoka Goodsprings, nenda kaskazini. Msaada mmoja nakupa: kwenye shule ya kijiji kuna sefu, ndani yake kuna kifaa cha kukufanya usionekane kwa muda mfupi. Rudi hapa utuambie.

#10

Naweka kambi, nasubiri marejesho ya #7.

#11 (yule wa #7)

Marejesho, siku ya nne.

Siku ya kwanza sikuwa na habari na sefu, nilitaka kuwaonyesha. Mavu. Nilimwona mmoja, nikampiga risasi nane, akapunguza mwendo kidogo tu, kumbe nyuma yake wako watatu. Nimekufa mara tano, saa imeisha. Nikalala na hasira.

Siku ya pili nikapita upande wa machimbo. Sitaki kuizungumzia.

Siku ya tatu nikarudi shuleni, nikafungua sefu. Nikachuchumaa nikaanza kunyemelea, yale majitu nayaona kulia kwangu, moja limesimama linanusa. Mkono ulikuwa unateleza kwenye kipanya. Kifaa kikaisha nikiwa bado sijamaliza uwanja wazi. Nikasimama nikakimbia bila kugeuka, nasikia nyayo nyuma yangu, halafu sizisikii tena. Mke wangu akatoka chumbani kuuliza nani amepiga kelele.

Jana nimefika. Nimekatiza mtaa wa nje, nimelifikia geti lenyewe la Vegas, taa kila mahali, mnara uko juu ya kichwa changu. Risasi nne, nguo za siku ya kwanza. Roboti la getini likanisimamisha: wanaoingia lazima waonyeshe wana vifuniko vya chupa 2,000, ndiyo pesa yao humo.

Nina themanini na sita. Mleta uzi, hili ulikuwa unalijua?

#12 – Mleta uzi

Nilikuwa nalijua.